Refa wa mpira na mhakiki wa maandiko, nani anatakiwa abanwe zaidi?

#1 Bawa la Kushoto
Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo linanisumbua, naomba tulijadili kwa hoja.

Refa wa mpira akikosea mara moja anasakamwa dunia nzima. Kosa linarudiwa polepole kwa kila pembe, jina lake na nchi yake vinajulikana, na miaka arobaini baadaye bado anatajwa. Sasa mchukue yule anayepewa andiko la kisayansi alisome aseme lichapishwe au litupwe. Huyu anakaa nalo miezi, mwisho anaandika mistari mitatu kwamba halina jipya, mwenzake anapoteza mwaka mzima wa kazi, na hata mwenye andiko hajui nani kamhukumu. Wote wawili wanahukumu kazi ya wenzao, ila mmoja anaamua huku anakimbia na mwingine ana kiti, meza na muda.

Dai langu ni kwamba ukali tumeupeleka siko. Mwenye muda ndo alitakiwa abanwe. Karibuni, matusi hapana.

#2 Nyavu Zinacheka
Mkuu hapo kwa refa kuvumiliwa sikubali hata kidogo. 22 Juni 1986, robo fainali ya Kombe la Dunia, Maradona kapiga mpira kwa ngumi mchana kweupe, uwanja mzima unaona, refa wa Morocco anaonyesha kati. England wakafungasha virago. Na hiyo tuvumilie kisa alikuwa anakimbia?

#3 Kibendera
Nyavu, refa yule ni Ali Bin Nasser na ni Mtunisia, siyo wa Morocco. Na tuseme yote basi. Mwenyewe ameeleza zaidi ya mara moja kwamba mkono hakuuona, akamtazama mshika kibendera wake Bogdan Dochev wa Bulgaria, kibendera hakikupanda, akakubali goli. Na siyo kweli kwamba uwanja mzima uliona, hata mtangazaji wa BBC mwanzoni alidhani wachezaji wa England wanadai kuotea.

Kingine ambacho watu hawamhesabii, dakika nne baadaye Maradona anauchukua mpira nusu yake na kuwapita England mmoja baada ya mwingine, njiani wanajaribu kumwangusha, Bin Nasser anamfuata nyuma hapulizi. Angepuliza faulo pale, goli ambalo wengi wanaliita bora kuliko yote lisingekuwepo. Mechi ileile, refa yuleyule.

#4 Kipyenga Kizee
Nimechezesha mechi za vijana na za madaraja ya chini miaka mingi, niseme kidogo jinsi kulivyo pale kati.

Kona ikipigwa watu wanadhani refa anatazama mpira. Hautazami mpira, unatazama mikono. Watu zaidi ya kumi wamebanana kwenye boksi, huyu kashika jezi, yule kamkumbatia mwenzie kiunoni, kipa anakanyagwa vidole, na mpira ukiwa hewani inabidi uwe umeshajua mshiko upi umemzuia mtu kufika na upi ni wa kubanana tu. Ukipuliza yote mechi haiishi, usipopuliza hata mmoja baada ya robo saa wanaanza kupigana viwiko. Kwa mshika kibendera ni pagumu zaidi. Anatakiwa ajue mguu wa mpiga pasi umegusa mpira lini, na papo hapo bega la mshambuliaji liko wapi, na hao wawili wanaweza wakawa wameachana mita thelathini. Macho hayawezi kuwa sehemu mbili. Wazoefu wanakaza macho kwenye mstari wa beki wa mwisho, ule mguso wa pasi wanausikiliza. Sasa jaza uwanja watu wanaopiga kelele halafu niambie hilo sikio linasikia nini.

Kuhusu mada, Bawa nipo na wewe nusu. Kosa la refa halina kesho, mechi imeisha imeisha. Andiko likikataliwa si unalipeleka jarida jingine?

#5 Dada Kalamu
Mzee Kipyenga shikamoo. Umeeleza vizuri sana, ila hapo mwisho pananiuma kidogo. Jarida jingine maana yake ni kuanza foleni upya, na anayesubiri andiko hilo ili apate kazi au amalize masomo hana hiyo miezi.

Lakini na mimi ni mhakiki, upande wa afya, kwa hiyo niwasemee na wahakiki. Mosi, wengi wetu hatulipwi. Tunasoma usiku baada ya kazi zetu. Pili, nyie mnaona lile jibu la kukataa, hamuoni tulichozuia. Nilishawahi kupewa andiko zuri, lugha safi, matokeo yanapendeza. Ndani wanasema washiriki walikuwa 212, jedwali la kwanza linasema 212, nikafika jedwali la tatu nikajumlisha safu kwa mkono nikapata 187. Hakuna sentensi hata moja inayosema wale 25 walienda wapi. Na kwenye tafiti za dawa wanaopotea katikati mara nyingi ndo wale ambao dawa haikuwasaidia au iliwadhuru, wakiondolewa kimyakimya dawa inaonekana nzuri kuliko ilivyo. Nikaandika swali moja tu, hawa 25 wako wapi. Andiko likarudi hitimisho limebadilika kabisa. Hakuna shabiki aliyeshangilia, na sawa tu, ila tusiseme tunakaa na maandiko kwa raha.

#6 Mtu wa Takwimu
Kipyenga kataja kelele, hilo limepimwa. Kuna utafiti wa Nevill na wenzake wa 2002, walichukua waamuzi 40 wakawaonyesha matukio 47 ya mechi ya Liverpool na Leicester, wengine wakaangalia na sauti ya mashabiki, wengine bila sauti. Walioangalia na sauti walipuliza faulo chache zaidi dhidi ya timu ya nyumbani, kama asilimia 15 hivi pungufu. Tena hao wamekaa wanaangalia video, hakuna wa kuwasubiri mlangoni.

Nyingine ya ligi ya Hispania iliyotoka 2005 iliangalia dakika za nyongeza. Timu ya nyumbani ikiwa nyuma kwa goli moja dakika zinakuwa nyingi, ikiwa inaongoza kwa goli moja zinapungua. Halafu wakati wa korona viwanja vilipokuwa vitupu, tafiti kadhaa zilikuta ile tofauti ya kadi za njano kati ya wageni na wenyeji imeshuka. Kwa hiyo mnapobishana nani kanunuliwa na nani hajanunuliwa, sehemu kubwa ni presha tu, na refa mwenyewe hajui kama imemwingia.

#7 Nyavu Zinacheka
Takwimu umeshusha nondo, ila mimi bado. Presha ni sehemu ya kazi aliyoiomba. Daktari wa upasuaji naye ana presha.

Na marefa wana mamlaka sana hawa jamaa. Kombe la Dunia 1966 Antonio Rattín wa Argentina kalimwa nyekundu Wembley eti refa kaona anaongea vibaya, na refa mwenyewe Mjerumani hajui Kihispania!

#8 Kibendera
Nyavu leo nimekuwa kivuli chako, samahani. Rattín alitolewa kweli na refa alikuwa Rudolf Kreitlein wa Ujerumani Magharibi, ila hakulimwa kadi yoyote kwa sababu kadi zilikuwa hazijawepo. Ndo maana pale palikuwa na vurugu, mtu kaambiwa toka kwa lugha asiyoielewa, kagoma dakika kadhaa. Ken Aston, Mwingereza aliyekuwa anasimamia marefa kwenye mashindano yale, ndo akapata wazo la njano na nyekundu baada ya kusimama kwenye taa za barabarani. Zikaanza kutumika Mexico 1970. Yaani kadi iliwekwa ili anayehukumiwa na anayetazama wote wajue kwa wakati mmoja nini kimeamuliwa. Mimi naona hapo ndo penye jibu la mleta mada. Wahakiki hawana kadi.

#9 Bawa la Kushoto
Kibendera kula tano, umenisemea nilichoshindwa kukisema. Refa anaonyesha uamuzi wake hadharani na jina lake lipo. Mhakiki kajificha.

#10 Karatasi Nyeupe
Jamani mi nipo masomoni, shahada ya tatu. Andiko langu lilienda kwenye jarida moja sitalitaja. Mhakiki wa kwanza kasema kazi imara, ichapishwe na marekebisho madogo. Wa pili kasema mbinu haifai kabisa na hakusema mbinu ipi wala haifai kwa nini. Mhariri akamfuata wa pili. Nimekaa na ile barua nikitafuta cha kurekebisha, hadi leo sijakiona. Refa akinipa nyekundu angalau ananiambia nimemkanyaga nani.

#11 Mtu wa Takwimu
Karatasi pole, na siyo wewe tu. Mwaka 2014 mkutano mkubwa wa watafiti wa akili bandia, NeurIPS, walijipima wenyewe, wakachukua maandiko 166 wakayapeleka kwenye kamati mbili ambazo haziwasiliani. Kamati zikatofautiana kwa karibu robo ya maandiko. Robo inaonekana ndogo, lakini kwa kuwa wanakubali machache tu, maana yake zaidi ya nusu ya yaliyokubaliwa na kamati moja yangekataliwa na nyingine. Yale mabovu kabisa wanakubaliana ni mabovu. Shida ni yale ya katikati, na wengi wetu tupo katikati.

#12 Mwalimu wa Fizikia
Naingia kumpinga Bawa kwenye hilo la kujificha. 1936 Einstein na Nathan Rosen walipeleka andiko kwenye jarida la Physical Review, wakidai kwamba mawimbi ya uvutano hayapo. Mhariri John Tate akampa mtu asome, mtu akarudisha kurasa kadhaa za kuonyesha penye kasoro. Einstein akakasirika, akajibu kwamba yeye alituma andiko lichapishwe, hakuruhusu lionyeshwe kwa watu kabla, akaliondoa akalipeleka jarida jingine. Sasa sikilizeni, yule msomaji alikuwa Howard Percy Robertson, na baadaye ndo huyohuyo aliyekaa na msaidizi wa Einstein, Leopold Infeld, akamwonyesha kasoro ileile kwa mazungumzo ya kawaida bila kusema kwamba yeye ndo aliyelihakiki. Andiko lilipotoka 1937 hitimisho lilikuwa limegeuka. Na 2015 mawimbi yenyewe yakanaswa na mitambo ya LIGO.

Jina lake limethibitishwa 2005, yeye na Einstein wote wameshafariki zamani. Niambieni, nani mwingine angethubutu kumwambia Einstein umekosea kwa jina lake wazi? Ufiche unamlinda mdogo dhidi ya mkubwa.

#13 Dada Kalamu
Mwalimu hapo umenigusa. Mimi mwenyewe kuna andiko la mtu ambaye kesho anaweza akakaa kwenye jopo la kunihoji kazi. Bila kufichwa ningeandika mistari miwili ya heshima nikapita.

#14 Bawa la Kushoto
Sawa Mwalimu, lakini upande mmoja ukifichwa na mwingine usifichwe? Mhakiki anaona jina la mwandishi na chuo chake. 1982 Peters na Ceci walichukua makala 12 za saikolojia zilizokwishachapishwa, za watu wa vyuo vyenye majina makubwa, wakabadilisha majina na vyuo wakaweka vya kubuni, wakazirudisha kwenye majarida yaleyale. Tatu zilishtukiwa. Zilizobaki tisa, nane zikakataliwa, kwa nyingi sababu ikawa mbinu zina kasoro kubwa. Makala ileile! Kwa hiyo huyo mdogo unayesema analindwa, akiwa ndo mwandishi nani anamlinda?

#15 Mwalimu wa Fizikia
Basi afichwe na mwandishi. Majarida mengi yanafanya hivyo siku hizi.

#16 Karatasi Nyeupe
Haifichiki mwalimu. Fani yetu ndogo, ukisoma orodha ya marejeo tu unajua nani kaandika maana kajitaja mwenyewe kila ukurasa.

#17 Barafu
Mmesahau michezo ya kupewa alama. Olimpiki ya Salt Lake City 2002, kuteleza kwenye barafu kwa watu wawili, Warusi wamepata dhahabu kwa majaji watano dhidi ya wanne, mara jaji wa Ufaransa akasema alishinikizwa, baadaye akakana, ikabidi Wakanada Jamie Salé na David Pelletier nao wapewe dhahabu. Wakabadilisha mfumo mzima wa alama, na wakaamua kuficha jaji gani katoa alama gani, wakisema asiyejulikana hawezi kushinikizwa na shirikisho lake. Ni hoja ya Mwalimu kabisa hiyo. Uchambuzi uliofanywa baadaye ukakuta upendeleo wa jaji kwa watu wa nchi yake haukupungua. 2016 wakapiga kura kurudisha majina hadharani. Kwa hiyo wameshajaribu wakaacha.

#18 Kipyenga Kizee
Barafu, lakini pale aliyejificha alijificha kwa nani? Kwa watazamaji. Shirikisho lake lingeweza kumuuliza pembeni vilevile. Kwa Dada Kalamu anajificha kwa yule anayemhukumu. Siyo hali moja.

#19 Jembe Halimtupi
Nimesoma kuanzia juu, nyote mnamzungumzia mtu, mimi nadhani tatizo ni sheria yenyewe. Chukua mpira wa mkono. 2019 wakasema mshambuliaji mpira ukimgusa mkono halafu goli likapatikana, goli hakuna hata kama ni bahati mbaya. 2021 wakalegeza, kama ni bahati mbaya na aliyefunga ni mwenzake basi goli halali. Refa yuleyule, macho yaleyale, alichokuwa anasifiwa mwaka juzi leo ni kosa. Na bado kuna ile ya mkono kuongeza ukubwa wa mwili isivyo kawaida. Isivyo kawaida kwa nani? Beki anaporuka mikono inapanuka, ndo binadamu alivyo. Mmempa mtu kipimo kinachonyumbulika halafu mnamlaumu vipimo havilingani. Na "andiko liwe na mchango mpya" ni vilevile, upya wa kiasi gani?

#20 Nyavu Zinacheka
Jembe hapo nakubali kwa mara ya kwanza leo 😂. Ila dawa ilishapatikana, mashine. Goli la Lampard wa England Kombe la Dunia 2010 dhidi ya Ujerumani mpira umevuka mstari waziwazi refa kanyamaza, 2012 wakaruhusu teknolojia ya mstari wa goli, Brazil 2014 ikatumika, kesi imekwisha. Hakuna anayebishana tena kuhusu mstari wa goli.

#21 Kibendera
Mstari wa goli ndiyo, kwa sababu swali lina majibu mawili tu. Lakini 30 Septemba 2023 Tottenham na Liverpool, Luis Díaz kafunga, kibendera kimepanda, chumba cha VAR, wale waamuzi wa video, wameangalia wakaona hajaotea, lakini wakadhani uwanjani goli limekubaliwa, wakasema ukaguzi umekamilika. Mpira ukaanza. Wakagundua, ila mchezo ulishaendelea na sheria haiwaruhusu kurudi nyuma. Mashine ilikuwa sahihi, picha zilikuwa sahihi, watu hawakuelewana kwa maneno mawili. Na kwenye tenisi ya Wimbledon 2025, mwaka wa kwanza bila waamuzi wa mistari, mfumo wa mashine unaoita mipira ya nje ulizimwa kimakosa upande mmoja wa uwanja mechi ikiendelea, mpira ukatoka nje hakuna sauti.

#22 Shangazi Rula
Mnijibu na mimi. Nachezesha mechi za wasichana na wavulana, na matusi ninayoyapata hayahusu sheria hata moja. Stéphanie Frappart wa Ufaransa alipochezesha Kosta Rika na Ujerumani kwenye Kombe la Dunia la wanaume 1 Desemba 2022, na kabla yake Salima Mukansanga wa Rwanda kwenye AFCON Januari mwaka huohuo, watu walikaa wanasubiri wakosee. Hiyo presha anayoipima Takwimu ya kelele za nyumbani, kwangu inaanza kabla sijapuliza. Kinachonisaidia ni kitu kimoja, sichezeshi bila kuongea. "Nimeona mkono, uko juu ya bega, penalti." Wakibisha wanabishia nilichosema, hawanibishii mimi. Kwenye raga refa anasikika kwa watazamaji na nahodha tu ndo anamsogelea, kwa nini mpira wa miguu umechelewa hivi sielewi. Euro 2024 ndo wakajaribu hilo la nahodha.

#23 Kipyenga Kizee
Shangazi heshima kwako. Hilo la kuongea wengi wetu hatukufundishwa, tulifundishwa ukieleza sana unaonekana huna uhakika.

#24 Jembe Halimtupi
Na ni kweli mzee, ukieleza unafungua mjadala. Vijana wa siku hizi watakujadili mpaka filimbi ya mwisho.

#25 Karatasi Nyeupe
Bora wajadili. Jarida la eLife tangu 2023 wameacha kabisa kukubali na kukataa baada ya uhakiki. Wakishaamua kulipeleka andiko kwa wahakiki, linachapishwa pamoja na walichosema wahakiki, msomaji anasoma yote mawili. Hakuna kadi, kuna maelezo.

#26 Dada Kalamu
Na wapo waliolalamika kwamba sasa msomaji asiye wa fani hajui ashike lipi. Mgonjwa anayetafuta habari ya dawa hatasoma kurasa za majibizano, atasoma kichwa cha habari. Kuna andiko la daktari Wakefield la 1998 kwenye jarida la Lancet lililohusisha chanjo na usonji, lilipita kwa wahakiki, likafutwa 2010. Miaka kumi na mbili! Mimi bado nataka pawe na mtu anayesema hapana.

#27 Bawa la Kushoto
Dada lakini hilo si lilipitishwa na hao hao unaotaka waseme hapana?

#28 Dada Kalamu
Ndiyo, na mhakiki hawezi kuona data iliyopindwa kama hakuonyeshwa data. Ndo maana mimi siku hizi naomba data kwanza, nisipopewa nasema sihakiki.

#29 Mgeni wa Jana
Habarini. Nimekuwa nasoma tu. Wiki hii mhariri kanitumia andiko nilihakiki, ndo mara ya kwanza, na aliyeandika namhisi ni nani, ni mtu mkubwa. Nianzie wapi?

#30 Dada Kalamu
Mdogo wangu karibu. Kama mna uhusiano wowote wa kazi mwambie mhariri kabla hujasoma. Kama hamna, usianze na utangulizi, anza na majedwali na vielelezo, halafu mbinu, utangulizi mwisho, maana utangulizi umeandikwa kukushawishi. Kila kasoro taja ukurasa na mstari. Na tenganisha kabisa lile linalovunja hitimisho na lile ambalo wewe ungeandika tofauti tu.

#31 Kipyenga Kizee
Hilo la mwisho tungewafundisha marefa pia. Faulo inayobadilisha shambulizi na faulo ya mguso tu.

#32 Nyavu Zinacheka
Mkimaliza na maandiko njooni kwenye ngumi. Olimpiki ya Seoul 1988, fainali, Roy Jones Jr wa Marekani kampiga Park Si-hun wa Korea Kusini, mwenyeji, ngumi 86 kwa 32, majaji watatu kwa wawili wakampa Park. Hapo Takwimu utasema ni kelele za nyumbani?

#33 Mtu wa Takwimu
Pale hapana, kelele haziwezi kuficha ngumi hamsini na nne.

#34 Mgeni wa Jana
Asante dada. Nimeanza na vielelezo kama ulivyosema. Cha pili mhimili wa wima hauanzii sifuri na hawajasema, tofauti ndogo inaonekana kubwa mno. Naandika hilo kwanza?

#35 Dada Kalamu
Andika, taja kielelezo, omba wakichore upya kuanzia sifuri au waeleze kwa nini wamekata. Halafu endelea na jedwali.